Mzigo Amefika

Kosa la kwanza lilikuwa la sarufi tu. Esha alilisikia sawasawa, kwa sababu alikuwa mtu wa Tanga, na watu wa Tanga wakisikia Kiswahili kimevunjwa, masikio huwawasha.

"Mama Yasmini," alisema Kefa kwenye simu, "mzigo amefika Dar."

"Umefika," Esha alimsahihisha.

"Ndiyo, mama. Amefika."

Esha akamwacha. Kefa alikuwa Mbena wa Kidugala, kijana mstaarabu aliyeshika uwakala wa kampuni ya vifurushi pale Makambako, jirani na stendi. Kiswahili chake kwa kawaida kilikuwa safi, cha mtu aliyefundishwa na walimu wakali. Lakini ilikuwa Julai, baridi imekaza, na ulimi wa mtu yeyote unaweza kuteleza.

Mzigo wenyewe ulikuwa boksi moja kutoka Maskati. Ndani yake, kwa maneno ya tajiri aliyekuwa amemwajiri mumewe kuendesha lori, kulikuwa na nguo, saa, viatu na msahafu wa Abdulatif. Abdulatif mwenyewe alishazikwa hukohuko. Aliugua ghafla akafa, na hakuna mtu wa nyumbani aliyemwosha wala aliyemtia mchanga. Esha alipewa habari kwa simu hiyohiyo ya mezani. Akasema "Inna lillahi," akaenda kuepua sufuria jikoni, na tangu siku ile hakulia. Wanawake waliokuja kumpa pole walidhani ni subira, wakamsifu sana. Haikuwa subira. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, ila yeye ilimshika mwili mzima. Alilisubiri lile boksi kwa sababu moja tu: aliamini akilishika shati la mumewe akalinusa, atalia, na akishalia ataweza kuwa mtu tena na kumlea mtoto wake.

Kwa kuwa alikuwa katika eda, hakutoka nje. Alikaa ndani na binti yake Yasmini, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, pamoja na wifi yake Rehana, dada wa marehemu, aliyehamia kwao kumtunza. Dunia yake yote ilibaki kwenye simu ile. Kila asubuhi alimpigia Kefa, Kefa akapiga Dar kwenye makao makuu ya kampuni na kutaja namba ya mzigo, kisha akamrudishia jibu.

"Amepita Morogoro."

"Kaka Kefa, mzigo si mtu. Sema umepita."

"Nasema walivyoniambia Dar, mama. Hata mimi nimeshangaa."

Kesho yake ni Esha mwenyewe aliyeanza mzaha. "Haya, mgeni wangu amefika wapi leo?" aliuliza, na Rehana, aliyekuwa akimenya viazi, akainua kichwa, maana tangu msiba hajamsikia wifi yake akitania. Esha naye alijisikia vizuri kidogo. Neno "amefika" lilikuwa na joto fulani ambalo "umefika" halikuwa nalo. Basi akaendelea. Amelala Iringa? Kuna baridi huko Mafinga, amejifunika? Yasmini akaudaka mchezo, akawa kila akirudi shule anauliza, "Mama, amefika wapi?" Na mama yake, ambaye siku zote alimkaripia kwa kiambishi kimoja tu kikienda kombo, hakumsahihisha.

Kampuni ile ilikuwa na utaratibu wake ambao watu wa Makambako waliuchoka. Gari la vifurushi lilipita mjini kwao bila kushusha kitu, likaenda moja kwa moja hadi Njombe, mizigo ikachambuliwa huko, kisha ya Makambako ikarudishwa nyuma njia ileile. Kefa alishalalamika, hakusikilizwa.

Siku gari lilipopita, Esha alikuwa sebuleni anaota moto kwenye jiko la mkaa. Harufu ilitangulia. Ilikuwa kafuri, ile wanayopakwa maiti, nayo iliingia kwa chini ya mlango pamoja na ukungu. Halafu geti likagongwa kwa ufunguo.

Abdulatif hakuwa na desturi ya kupiga hodi nyumbani kwake. Aligonga geti la bati kwa ufunguo wa gari, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Ndivyo lilivyogongwa. Rehana alitoka akaangalia, akarudi akijifunga khanga vizuri.

"Hakuna mtu, wifi. Ukungu tu."

"Baba kapita," alisema Yasmini, wala hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake.

Simu ikalia. Alikuwa Kefa. "Mama Yasmini, amepita hapa sasa hivi. Amekwenda Njombe."

"Najua," alisema Esha. Alishangaa kwamba haogopi. Aliutazama mkono wake ulioshika simu na hakuuhisi, akauona kama wa mtu mwingine aliyemsaidia kushika.

Mzigo uliporudishwa kutoka Njombe, Kefa hakungoja kupigiwa. Alipiga mwenyewe, na sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mama, mzigo ninao hapa ofisini. Nimeushusha mwenyewe."

"Basi ulete, kaka yangu."

"Siwezi kuushika tena. Mikono yangu imekufa ganzi. Nimeegemea jiko hapa bila kujua, nikaja kustuka kwa harufu ya kiganja changu kikiungua. Na linageuka, mama. Nikisema boksi, linatulia. Nikijisahau nikasema yeye, linageuka upande wangu. Niombee msaada kwenu huko, maana mchungaji wangu amesafiri na mimi naogopa kukaa nalo."

Rehana alikimbia kumwita Ustadhi Abasi, mwalimu wa madrasa ya karibu na soko, mzee mkavu mwenye kikohozi, ambaye watu walimfuata kwa kombe, yale maji ya aya za kunywa, na kwa mambo yasiyosemwa hospitalini. Alipitia kwanza kwa Kefa. Alipofika nyumbani aliketi upande wa pili wa pazia, kwa heshima ya eda, akangoja kikohozi kitulie.

"Nimemwambia yule kijana apige Dar mbele yangu," alisema. "Wameapa hawajawahi kusema amefika. Wanasema siku zote wamemjibu umefika. Sasa aliyekuwa akiingilia kati kwenye waya simjui, ila nimelisomea boksi na nimekijua kilichomo."

"Ni Abdulatif?" Esha aliuliza.

"Mumeo yuko kwa Mola wake, mwanangu. Hiki ni kijini cha vitu vya wafu waliofia ugenini. Hakina umbo wala jina, na hakiingii nyumba ya mtu mpaka kiitwe kama mtu. Kilijaribu kwa Kefa, yeye akarudia tu alichosikia. Wewe ulikipokea."

"Kwa mzaha tu, Ustadhi."

"Ulikipenda kile kiambishi," alisema mzee, bila ukali. "Sikulaumu. Lakini kitu ni ki, na mtu ni a. Hata mtoto anajua."

"Kitu ki, mtu a," Yasmini alirudia nyuma ya pazia, kwa sauti ya darasani.

Ustadhi akatoa maagizo. Yeye na Kefa wangelipakia boksi kwenye gari linaloondoka alasiri ile, lirudi Maskati. Lakini kilichokuwa ndani kilikuwa kimeshashuka, na kabla ya kulifuata boksi kingepita kuaga. Kingegonga. "Usiulize ni nani. Uliza ni nini. Kiambie kirudi kilikotoka. Na usitaje jina, Esha. Hata kikishaondoka, hata kwa kunong'ona. Ukikipa jina hakitahitaji boksi tena. Kitakaa ndani ya aliyekiita."

Alasiri ukungu ulishuka mpaka miti ya miwati ya ng'ambo ya barabara haikuonekana. Rehana alijifungia na Yasmini chumba cha nyuma. Esha alisimama uani, mbele ya geti, akiwa amejifunika shuka la mumewe.

Kafuri ilikuja, halafu ufunguo ukagonga taratibu kwenye bati, na Esha, ambaye kwa majuma yote yale hakuwa amehisi kitu, alijikuta ameshapeleka mkono kwenye komeo la geti, kwa sababu sauti iliyofuata haikuwa ya kutisha hata kidogo, ilikuwa sauti ya mtu aliyeendesha gari usiku kucha, yenye vumbi na uchovu na ule utani mdogo uliobaki chini yake, sauti ambayo alikuwa ameisikia ikimwita kutoka geti hilihili miaka yote ya ndoa yake.

"Esha. Fungua, nimechoka."

"Ni nini hicho?" alisema Esha.

Kitu kizito kiliegemea bati, nalo likalia.

"Ni mimi."

"Ni nini hicho?"

"Mke wangu, walinizika na watu nisiowajua. Hakuna aliyenililia. Hata wewe hukunililia. Nimekuja kwa gari na kwa ndege na kwa gari tena, nimepita Iringa na baridi yake, ukawa unaniuliza nimejifunika, na mimi nikasema kumbe nina mtu, na sasa nimefika unaniita kitu?"

Esha alishika nguzo ya geti kwa mikono miwili. Chuma kilikuwa baridi, na alikihisi. "Kirudi kilikotoka," alisema, na kila silabi ilimkata. "Kirudi. Hapa hakina mtu."

Bati lilinyooka. Nyayo zikaondoka taratibu kuelekea barabarani, zikiburuta kidogo upande wa kulia kama Abdulatif alivyoburuta tangu ajali ya Fuso lake, zikafifia, na harufu ya kafuri ikafifia nyuma yake, mpaka ukanuka ukungu mtupu na moshi wa kuni za majirani. Huko stendi gari lilipiga honi likaondoka.

Ndipo Esha alipolia. Chozi lilitoka likiwa la moto, likafuatiwa na lingine, na uchungu wote aliousubiri ukaja kwa mkupuo, ukamkalisha chini kwenye udongo. Alikuwa amemfukuza kwa ki. Hata kama si yeye, sauti ilikuwa yake, na hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho kati yao. Alitaka tu amwombe radhi. Akaweka paji la uso kwenye bati, akasema polepole, kwa sauti ambayo mtu aliyesimama karibu naye asingeisikia:

"Nisamehe, Abdulatif."

Machozi yalikoma hapohapo. Geti halikufunguka wala halikuhitaji kufunguka. Esha aliinuka, akajipangusa udongo, akaingia ndani.

"Kimekwenda?" Rehana aliuliza kwa kunong'ona kutoka chumbani.

"Kimekwenda," alisema Esha.

Asubuhi Kefa alipiga simu, na kwa sauti yake tu Rehana alijua mambo ni mazuri. Mzigo ulikuwa umefika Iringa salama. Umefika, alisisitiza, na akacheka. Mikono yake ilikuwa imerudi, kiganja kilichoungua kilimuuma usiku kucha, na yeye alimshukuru Mungu kwa kila maumivu. Rehana alicheka naye. Aliweka simu chini akiwa na furaha iliyokaribia kumliza, akaenda kumtafuta wifi yake ampe habari.

Ukumbini alimkuta Yasmini amekaa sakafuni, amevaa sare ya shule, viatu amevipakata. Mgongo ulikuwa ukutani na uso ameuelekeza kwenye mlango wa jikoni.

"Hujavaa viatu mpaka saa hizi? Mama ameamka?"

Mtoto alimvuta shangazi yake khanga mpaka sikio likafika karibu na mdomo.

"Kimeamka," alinong'ona. "Kinapika chai."

"Ameamka, Yasmini. Mama ni mtu."

Yasmini alitikisa kichwa. Alikuwa mtoto aliyefundishwa vizuri, na hakuwa amekosea. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kafuri, na ndani yake harufu nyingine, ya ngozi ya mtu iliyoshika sufuria ya moto bila kitambaa na haitaki kuiachia, halafu sauti ya Esha, tulivu kabisa, ikiwaita waje wanywe chai.