Mgeni wa Kwenye Tangazo

Dada yangu Nyanchera amenipa ruhusa nisimulie haya kwa sharti moja: nisiutaje ule mchezo kwa jina. Anasema huenda kuna watu wengine wana watoto humo.

Mimi ni Ombati, fundi wa simu. Nina kibanda pale Keroka, mkabala na mahali malori ya ndizi hupumzika. Mwezi wa tatu mwaka jana dada aliteleza akichuma majani chai shambani kwake Manga, akavunjika mguu. Alitiwa plasta hadi juu ya goti. Mumewe, Jasper, ni mwalimu huko Narok na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mchana kutwa dada alikuwa peke yake kwenye kochi, mguu juu ya stuli, akitazama mabati. Nilimwonea huruma, nikamwekea mchezo kwenye simu, ule wa kuigiza maisha. Unajenga nyumba, unaweka watu ndani, unawapikia, unawalaza.

Niliporudi baada ya wiki mbili nilikuta ameshajenga boma zima. Jiko la nje, migomba, hata kamba ya kuanikia nguo. Na katikati ya boma, msichana mwenye gauni la njano na pengo la meno ya mbele. Jina lilielea juu ya kichwa chake: Sharon.

Binti yao Sharon alifariki kwa nimonia miaka miwili kabla ya hapo, akiwa na miaka saba. Amezikwa hapo nyumbani, nyuma ya migomba. Niliitazama ile simu, nikamrudishia.

"Sasa ana miaka tisa," dada akaniambia, kama mtu anayezungumzia mvua. "Amejua kusoma."

Mwezi wa tano wenye mchezo walileta toleo jipya, na matangazo yakaingia.

Yalianza machache, kisha yakafurika. Ukitaka kuwasha jiko, tangazo la sabuni. Ukitaka kuchota maji, mwanaume mnene anacheka kwa sababu ameshinda kamari. Kwenye ukuta wa nyumba ambayo dada aliijenga kwa kidole chake mwenyewe kulibandikwa bango la dawa ya kupunguza tumbo, na halikubanduka. Asubuhi moja Sharon aliamka amevaa fulana ya soda badala ya gauni lake la njano. Dada alipotaka kumvua, akaambiwa atazame kwanza matangazo matano. Aliyatazama yote. Fulana haikutoka.

Basi ikawa kila siku ananipigia, na kila siku ni ugomvi.

"Ombati, mtoto ana njaa! Nimeshika sahani ya ugali hapa, na wananionyesha viatu!"

"Si ubonyeze ile alama ya kufunga, pale juu pembeni."

"Alama gani? Ni kadogo kama yai la chawa. Nikikagusa kanahama!"

Jumamosi moja, baada ya ibada ya Sabato, nilipanda pikipiki hadi kwake nikamalize hilo jambo. Nilizima data. Kwa uhakika zaidi nikachomoa laini kabisa. "Haya, cheza sasa," nikamwambia. Sharon akaketi mezani, dada akamwekea chakula. Kioo kikawa cheusi, kisha likaja tangazo.

Halikuwa na bidhaa yoyote. Ilikuwa picha tu, imetulia: barabara ya lami, na mwanamke amesimama akiwa ametugeuzia mgongo. Sweta ya kijani. Kikapu cha majani chai kimening'inia mgongoni. Chini ya picha kulikuwa na kitufe kikubwa kimeandikwa: MKARIBISHE. Nilikitambua kibao kilichokuwa kando ya yule mwanamke. Ni kile kibao cha pale njia ya kwa dada inapoachana na lami.

"Matangazo ya siku hizi hujua uko wapi," nikasema. "Hili litakuwa lilishajihifadhi ndani ya simu."

Tangazo lilichukua dakika mbili nzima. Lilipokwisha, chakula cha Sharon kilikuwa kimepoa na mtoto alikuwa akilia. Laini ya simu ilikuwa bado mkononi mwangu.

Jumatatu dada alinipigia kuniambia kwamba mwanamke wa tangazo sasa yuko kwenye kinu cha kusagia unga. Jumatano, nje ya kanisa letu. Ijumaa, kwenye mteremko wa kwa jirani yake, Ochoki. Kila mara amesimama vilevile, amegeuza mgongo. Nilidhani dada angeogopa. Dada alikuwa na hasira.

"Dakika mbili, Ombati! Kila nikitaka kumlaza mtoto, dakika mbili! Mimi sitaki kujua huyu mama anakwenda wapi."

"Kwa nini usiufute huo mchezo?"

"Ombati," akasema polepole, "unataka nimzike mara ngapi?"

Nilimwahidi kwamba Alhamisi nitaleta simu nyingine nijaribu kuhamishia humo kila kitu, Sharon akiwemo, niuache uchafu wote nyuma.

Alhamisi nilifika saa nane mchana, wingu zito likiwa limeshakaa juu ya ukingo wa mwamba wa Manga. Niliegesha pikipiki, nikaitundika kofia yangu nyekundu kwenye nguzo ya geti, nikaingia. Mvua ilianza kabla sijakaa. Unajua mvua yetu ya mchana inavyopiga mabati, mtu humsikii mpaka akusogelee. Nilifunga mlango kwa komeo upepo usiusukume.

Dada alikuwa na simu mkononi. "Ngoja amalize kula kwanza," akasema. "Safari ni ndefu."

Kioo kikawa cheusi.

Picha ilikuwa ya geti. Geti la dada. Mwanamke wa sweta ya kijani alikuwa amesimama ndani ya boma, mgongo kwetu, uso kwenye nyumba. Mvua ilikuwa ikimnyeshea. Kwenye nguzo, nyuma yake, ilitundikwa kofia nyekundu.

Nilikuwa nimeitundika dakika tano tu zilizopita.

"Usiguse," nikamnong'oneza. "Dada, usiguse kitu."

Lakini dada hakuitazama kofia. Alikuwa amechoka. Miezi miwili ya kuchezewa, miezi miwili ya kukimbiza kile kialama cha kufunga kwa kidole, na sasa kilikuwa pale juu, kimetulia, kikubwa kuliko siku zote. "Hata leo?" akafoka. "Hata leo anapokula?" Akakibonyeza kwa nguvu.

Kikahama. Kitufe kikapanda mahali pake.

MKARIBISHE.

Tangazo likafungika palepale.

Tukasikia hodi.

Haikutoka kwenye simu. Ilitoka mlangoni. Na licha ya mvua ile yote tulisikia sauti ya mwanamke, sauti laini ya mtu mwenye heshima zake, ikisema kwa lugha yetu, Ekegusii: "Nimekaribishwa."

Kwenye simu, Sharon aliweka kijiko chini. Akainuka.

"Kaa, mama," dada akanong'ona. "Kaa umalize."

Akamburuta kwa kidole hadi kwenye kiti. Sharon akaketi. Akainuka tena. Dada akamrudisha. Akainuka.

"Kaa!"

Sharon alikuwa akitembea kuelekea mlangoni.

Niliruka nikauegemea mlango kwa mgongo. Nilikaza miguu. Nikafumba macho. Ndipo nilipolisikia komeo likisogea nyuma yangu, usawa wa kiuno. Polepole. Linasogea, linakwama, linasogea tena. Kama linavutwa na mtu ambaye halifikii vizuri.

Nakiri niliuacha mlango. Mwanaume mzima, nilirukia upande wa pili wa chumba.

Mlango ukafunguka. Nje kulikuwa na mvua tu.

"Ombati," dada akaniita. "Ombati, njoo uone."

Kwenye kioo, mtoto alikuwa akitoka getini, ameshikwa mkono na mwanamke wa sweta ya kijani. Ile fulana ya soda haikuwepo. Alikuwa na gauni lake la njano. Sharon aligeuka mara moja, akatazama nyumba. Mwanamke hakugeuka.

Kisha boma likabaki tupu, na maandishi yakatokea: "Asante. Hutaonyeshwa matangazo tena."

Ni kweli, hayakurudi. Bango la dawa ya tumbo liliondoka ukutani. Jiko liliwaka bila sabuni, maji yalichoteka bila kamari. Dada alizunguka ndani ya ile nyumba safi hadi jioni akibonyeza kila kitu, kiti, sahani, kitanda.

"Nionyesheni," alikuwa akisema. "Leteni. Nitayatazama yote."

Jasper alifika kesho yake, Ijumaa, pamoja na mchungaji. Wakaomba. Mimi nililala pale usiku ule wa kwanza na sikusikia chochote. Mguu wa dada ulipona mwezi wa saba. Simu bado anayo na mchezo haujafutwa, wala hakuna kati yetu anayethubutu kumwambia aufute.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia dada, nilimwambia Jasper peke yake. Ijumaa ile asubuhi, kabla hajafika, nilitoka kutazama majani chai. Vibarua walikuwa hawajalichuma shamba kwa wiki mbili, limejaa, linang'aa. Isipokuwa mstari mmoja. Mstari mmoja tu, kuanzia nyuma ya nyumba, ukapanda kilima moja kwa moja hadi ukingoni, mahali shamba linapoishia kwenye mwamba. Udongo ulikuwa tope tupu lakini sikuona alama ya mguu. Juu ya mimea, majani yalikuwa yamechumwa vizuri sana, majani mawili na chipukizi, kazi ya mkono uliozoea.

Chini, ubavuni, kwenye vitawi ambavyo hakuna mchumaji hujisumbua kuviinamia, yalikuwa yamechumwa pia. Huko yamechanwa ovyo, mengine na vijiti vyake, mengine yaliyokomaa yasiyofaa, kama anavyochuma mtu ambaye ndiyo kwanza anafundishwa.