Mshale Uliosimama Kwenye Nusu

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Mbeyu alikuwa na kazi moja. Alichukua fimbo nyembamba, akaitumbukiza ndani ya tangi la lori, akaitoa na kutazama petroli imefika wapi. Kisha alimpa habari baba yake, Tsuma, dereva wa chama cha ushirika cha korosho hapo Kikoneni. Geji ya mafuta ilikuwa imeharibika tangu wiki iliyopita. Mshale wake ulisimama kwenye nusu, tangi lijae au lisijae, na msimu wa korosho haukumpa Tsuma nafasi ya kuitengeneza.

Jumamosi moja ya Januari, mwaka wa pili wa Uhuru, wenzake Mbeyu walikuwa wakimngoja kwa mchezo wa mdako. Mbeyu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, hakuigusa fimbo.

"Leo tuna kiasi gani?" baba yake aliuliza.

"Nusu tangi, baba," alijibu, kwa kuwa jana asubuhi, kabla ya safari za siku nzima, ilikuwa nusu. Kisha akakimbilia mchezoni.

Saa nne mama yake, Kahaso, alitoka nyumbani akipiga kelele. "Baba Mbeyu! Mtoto anakakamaa!"

Mwero, mdogo wake Mbeyu wa miaka minne, alikuwa na homa tangu jana yake. Sasa macho yake yalikuwa yamegeuka, na meno yameumana. Walimpakia kwenye lori, wakaondoka mbio kuelekea hospitali ya Msambweni.

Katikati ya mashamba ya miwa lori likakohoa mara tatu, likazima.

Tsuma alishuka, akafungua boneti. Alilegeza bomba la kabureta, lilikuwa kavu. "Petroli haifiki huku," alisema. "Labda pampu imekufa, au bomba limeziba." Aliifungua pampu, akalisafisha chujio, akalipuliza bomba kwa mdomo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Jua lilikuwa kali. Hapakupita gari wala baiskeli.

"Fanya haraka!" Kahaso alilia. "Mwanangu anaungua!" Mwero alikakamaa tena mikononi mwake.

"Nashindwa kuelewa," Tsuma alisema. "Pampu ni nzima. Bomba halikuziba. Na petroli ipo, nusu tangi!"

Mbeyu alikumbuka fimbo ambayo hakuigusa asubuhi. Kila dakika baba yake alikuwa akitafuta ubovu mahali ambapo haukuwapo. Akinyamaza, hapana atakayejua. Alimtazama Mwero, midomo yake iliyokauka.

"Baba, sikupima."

"Hukupima nini?"

"Petroli. Asubuhi nilikudanganya."

Tsuma alivunja kijiti, akakitumbukiza ndani ya tangi. Kikatoka kikavu.

"Duka la Bwana Suleiman liko mbele, kama maili moja na nusu," alisema kwa sauti ndogo. "Huuza petroli kwa debe. Mimi nikienda, hapana wa kuirudisha pampu hii. Kimbia."

Mbeyu alikimbia. Kokoto zilimchoma nyayo, kifua kikamwaka, naye akaendelea kukimbia huku akilia. Alipofika dukani alishika mlango asianguke.

"Shikamoo, bwana. Mdogo wangu anakufa njiani. Lori limeishiwa petroli."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Suleiman hakuuliza la pili. Alifunga debe kwenye baiskeli, akampandisha Mbeyu nyuma alishikilie, akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote.

Walipofika, pampu ilikuwa imesharudishwa. Tsuma alimimina petroli, akaisukuma pampu kwa mkono mpaka kabureta ikajaa. Injini ikawaka.

Hospitalini muuguzi aliwaambia, "Mngekawia zaidi, tusingekuwa na la kufanya. Hata sasa, tumwombe Mungu." Siku mbili Mwero hakufumbua macho. Mbeyu alikaa barazani, hataki kula. Siku ya tatu mtoto aliomba uji.

Waliporudi Kikoneni, Tsuma aliagiza kutoka Mombasa kipimo kipya cha ndani ya tangi, kile kinachoipa geji habari ya mafuta. Kilipofika alimwita Mbeyu. Kwanza aliuchomoa waya kwenye tangi, akaugusisha kidogo kwenye chuma cha gari. Mshale wa geji ukaruka.

"Geji na waya ni vizima," alisema. "Ubovu umo ndani ya tangi."

Alikifungua kipimo cha zamani, akakitoa. Kilikuwa na boya dogo kwenye mkono wa waya, la kupanda na kushuka pamoja na petroli. Mkono ulikuwa umeshikwa na kutu, umekwama katikati. Walifunga kipya, wakamimina petroli, na mshale ukapanda taratibu.

Tsuma alipangusa mikono. "Kifaa hiki kilisema uongo, lakini hakikujua. Wewe ulijua, Mbeyu. Nami niliacha kukiamini nikakuamini wewe."

Mbeyu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Ulisema kweli ulipoona ni ngumu kuisema, na kweli hiyo ndiyo iliyotufikisha hospitalini. Lakini mwanangu, kweli ya asubuhi ingetuepusha na yote yale. Kazi ndogo uliyopewa huenda imebeba uhai wa mtu, nawe hujui. Haya, nenda kamwombe radhi mama yako. Yeye ndiye aliyempakata Mwero juani."

Mbeyu alinawa mikono, akaingia jikoni alikokuwa mama yake.