Maji ya Ndani ya Hori

Kila asubuhi, akitoka chuoni kusoma Kurani, Kulthum alibeba mtungi wake hadi bwawa la mvua la kijiji chao, Mbwajumali. Visima vilikuwa vya chumvi. Bwawa lile ndilo lililonywesha watu na ng'ombe.

Siku hiyo maji hayakuonekana. Majani manono ya kijani yalilifunika bwawa lote kama mkeka. Kulthum alipoyasogeza kwa kata, maji yalitoka meusi, yananuka.

"Ndama wangu hanywi tangu jana," alisema Bwana Kamaludin, mfugaji.

"Labda majini wamelima mchicha," alisema Mwanamkisi, rafiki wa Kulthum. Watu wakacheka kidogo.

Kulthum hakucheka. Miezi miwili nyuma, babu yake Athman alileta hori kutoka ziwa moja la bara. Mtumbwi huo mdogo ulipakiwa ndani ya mashua, umejazwa maji ya ziwa ili mbao zisipasuke. "Yamwage mchangani, mjukuu wangu," babu alimwagiza. "Kisha ulikwangue kwa maji ya bahari, ulianike siku tatu." Lakini Kulthum alitaka kulipanda siku ile ile. Akamwita Mwanamkisi, wakakubaliana wasimwambie mtu. Wakalikokota hadi bwawani na kulipindua humo. Vijani vidogo kama vifungo vikaelea. Aliviona vizuri.

Sasa bibi yake alikuwa na homa, na mtungi ulikuwa mtupu.

Bi Radhiya, jirani yao, alimwona amesimama. Akammiminia nusu ya maji yake ya jana. "Mpelekee mgonjwa, mwanangu. Mimi nitajikaza."

Wema ule ulimchoma Kulthum kuliko fimbo. Machozi yakamtoka. "Bi Radhiya, nipe kidogo tu. Ni mimi niliyeyaleta majani haya."

Akasimulia yote mbele ya watu. Bwana Kamaludin akaenda kuleta wavu wake.

Kwa siku sita walivuta magugu, wakayaanika mbali na bwawa na kuyachoma. Kulthum alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, vidole vimekunjamana. Siku ya saba ndama alikunywa. Bibi naye alipata uji.

Babu Athman alimkalisha kando ya hori.

"Chombo hakibebi watu tu," alisema. "Hubeba na kisichoonekana. Ukikitoa maji haya kwenda maji mengine, kimwage, kikwangue, kikauke. Uvivu wa saa moja umetutesa kijiji kizima. Lakini ungenyamaza, tungelikuwa tunangojea mvua ituoshee kosa lako, na magugu yakizidi."

Kulthum akachukua kifuu cha nazi, akainama, akaanza kukwangua.