Walimu Thelathini na Wawili

Jua lilikuwa limebakiza shubiri moja kuzama Nieves Coila alipokuwa akitandika matete mabichi kwenye kibanda cha wageni. Kazi ya kawaida tu kwa watu wanaoishi juu ya kisiwa cha matete. Matete ya chini huoza, ya juu hutandikwa mapya, na kisiwa kinaendelea kuelea. Ukizembea mwezi mmoja, unaanza kulala kwenye maji. Kibanda hicho kilikuwa juu ya kipande kilichoungwa na kisiwa chao mwaka huo huo, na mizizi ilikuwa bado haijashikana. Ukikanyaga pale kwenye kiungo, ulihisi mguu unabonyea.

Mgeni alikuwa njiani. Alisema kwenye simu kwamba ni mwalimu wa mji wa Juliaca, na anapanga safari ya walimu wenzake kuja kuliona ziwa la Titikaka. Watu thelathini na wawili, kulala usiku mmoja, mwezi ujao. Alitaka aje kwanza aone kwa macho yake watakapolala. Kwa kisiwa cha vibanda vinne, ugeni wa namna hiyo ni neema, hata wengine wakilazwa kwa majirani, na siku nyingine Nieves angekuwa anaimba.

Hakuwa anaimba. Binti yake Elsa, miaka kumi na sita, alikuwa kitandani siku ya nane.

Alitoka sokoni mjini Puno na boti ya baba yake mdogo, akasinzia njiani. Aliamka mwili mzito. Kesho yake hakuweza kuinua ndoo. Nieves alipomwogesha aliona, chini ya mbavu za kulia, mstari mwembamba mwekundu kama uliochorwa kwa ncha ya sindano. Hakukuwa na kidonda. Zahanati walimpa vidonge vya tumbo, na Elsa akazidi kukonda, akawa anakonda huku unamtazama.

Watu wa ziwani hawahitaji zahanati kwa ugonjwa huo. Kuna mtu hupanda boti kama abiria mwingine, mpole, hana neno. Anasubiri usinzie. Ukishasinzia anakutoa mafuta ya mwilini, wala huamki. Anaitwa kharisiri. Ni mumiani, ila huyu damu haimshughulishi.

Na aliyetolewa mafuta haambiwi, hata akishapona. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Dawa yake ipo, lakini hutiwa ndani ya supu kwa siri, na ugonjwa hautajwi mbele yake hata kwa utani. Akishajua tu anaumwa nini, hamalizi wiki. Kwa hiyo kisiwani kila mtu alisema neno moja: baridi. Elsa ana baridi.

Nieves alikuwa amezunguka kwa waganga wawili kuitafuta dawa hiyo. Wote walikuwa wameishiwa.

Injini ilisikika kwenye mfereji. Wilber alikuwa anamleta mgeni.

Wilber alikuwa mdogo wa mume wake, na tangu kaka mtu aende kuchimba dhahabu milimani, ndiye mwanamume pekee kisiwani. Mcheshi, mnene, chupa yake ya chai haimtoki mkononi. Abiria wake wote huwanywesha chai ya moto bure, na ndiyo maana wanampenda.

"Shemeji! Nimekuletea bwana mipango!" alipiga kelele. "Njia nzima anauliza maswali. Nimechoka kuliko injini."

Mgeni alishuka taratibu. Alijitambulisha kuwa Anselmo Ticona. Mrefu, mkavu, koti jeusi, na mkoba wa ngozi aliokuwa ameukumbatia kifuani. Nieves alimpa mkono, akataka na kuupokea mkoba.

"Huu hapana, mama. Huu ninaubeba mwenyewe."

Alinuka kitu. Kama mshumaa wa mafuta uliozimwa sasa hivi.

Alikagua kisiwa hatua kwa hatua, daftari mkononi. Kibanda hiki kinalaza wangapi? Sita. Na kile cha mwisho? Wanne. Milango inafungwa kwa ndani? Hapa kwetu hakuna kufuli, mwalimu. Kuna mtu hukesha? Akeshe kwa ajili ya nini? Na wageni wakija na boti... huwa wanasinzia njiani?

Nieves alisimama.

"Walimu wako wana matatizo ya kulala, mwalimu?"

"Wamelala sana," alisema yule mtu, akaandika kitu.

"Nitahitaji orodha ya majina yao. Mkuu wa visiwa anaidai."

"Orodha ipo. Bado haijakamilika."

Walipopita mlangoni kwa Elsa, mgeni aliinama akachungulia. Alimtazama mtoto wa watu kwa muda usio wa adabu. Kisha akanong'ona.

"Tangu lini?"

"Ana baridi," Nieves alisema haraka.

"Najua. Nauliza tangu lini."

Nieves alimpeleka kwenye kibanda cha wageni, akamwekea taa na blanketi, na supu ya viazi yenye vitunguu saumu vingi kuliko kawaida, kwa makusudi, maana wale watu inasemwa hawavipendi. Alirudi baada ya robo saa. Bakuli lilikuwa limejaa vile vile.

Akatoka nalo haraka.

Wilber alikuwa anamsubiri nyuma ya jiko.

"Umemnusa?" alinong'ona.

"Nimemnusa."

"Shemeji, mtu yule nimeshawahi kumbeba. Nilikuwa najiuliza nimemwona wapi. Ni siku ile ya Elsa. Alikaa nyuma yake. Mkoba ule ule."

"Na ukamleta hapa?"

"Nimekumbuka sasa hivi! Usiniangalie hivyo. Sikiliza. Msumeno uko wapi?"

Hakuhitaji kueleza zaidi. Ndivyo wanavyofanya watu wa visiwa vya matete tangu mababu: jirani akiwashinda, hawaendi mahakamani. Wanachukua msumeno mrefu wa vishikio viwili, wanakikata kisiwa, na mwenye ubaya anaelea na ubaya wake. Kiungo cha kibanda cha wageni kilikuwa laini. Kazi ya nusu saa. Na upepo wa jioni huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani.

"Na walimu wake?" Nieves aliuliza, akijua swali ni la kijinga.

"Walimu gani, shemeji? Hao ndio chakula chake. Anapanga meza."

Ukungu ulikuwa umeshuka. Wilber aliiacha injini ya boti ikinguruma ili kufunika sauti. Wakapiga magoti, yeye upande ule, Nieves upande huu, karibu kabisa na ukuta wa kibanda cha mgeni. Wakaanza.

Kwaaa... kwaaa...

Maji meusi yalipanda kwenye mkato, yakinuka matope. Taa ndani ya kibanda haikutikisika. Nieves alivuta huku anamwona Elsa tu, mikono yake ilivyobaki mifupa.

Kwaaa... kwaaa...

"Mama."

Sauti ilitoka ukutani, kati ya matete, chini kabisa, usawa wa sikio lake. Mgeni alikuwa amelala sakafuni upande wa pili.

"Usijibu. Asijue kama nazungumza. Binti yako alilala kwenye boti ya nani?"

Mkono wa Nieves ulisita.

"Vuta, shemeji," Wilber alinong'ona gizani.

"Chai alipewa na nani, mama?"

Msumeno ukasimama. Upande wa pili Wilber aliuvuta peke yake, ukaenda, ukarudi, ukaenda. Hakuwa anahema hata kidogo.

"Vuta, shemeji. Tumebakiza kidogo."

Akavuta.

Kwa nini alivuta? Hata leo ukimwuliza, analia kwanza. Wilber alimjua miaka ishirini, ndiye aliyembeba Elsa mgongoni akiwa mchanga. Yule mwingine alimjua saa mbili tu, na alinuka mshumaa.

Mizizi ilikatika kwa sauti ya kitambaa kikichanwa. Wilber alikata kwa kisu kamba iliyokishikilia kipande. Kipande kikaanza kwenda, polepole, na taa yake ndani.

Mgeni alitoka mlangoni. Hakupiga kelele. Hakuomba. Aliinua ule mkoba ambao hakumpa mtu, akautupa kwa nguvu zake zote juu ya maji. Ukaanguka kwenye matete miguuni pa Nieves.

Ukungu ukamla.

"Mfuate!" Nieves alisema. "Boti ipo. Wilber, mfuate, atakufa kwa baridi!"

"Si ndiyo tulichotaka?" Wilber alijifuta mikono kwenye suruali. "Ngoja nikachemshe chai."

Nieves aliupeleka mkoba jikoni, akaufungua kwenye mwanga wa moto. Ndani mlikuwa na daftari na kichupa kilichofungwa kwa karatasi ya kaki. Basi.

Kwenye daftari palikuwa na orodha ya majina, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Thelathini na mawili. Mbele ya kila jina palikuwa na umri, tarehe ya kupanda boti, na tarehe nyingine yenye msalaba. Tarehe mbili hizo hazikupishana zaidi ya wiki tatu.

La kwanza lilikuwa Rosa Ticona, miaka kumi na mmoja.

La mwisho lilikuwa la binti yake, Elsa Lujano, miaka kumi na sita. Msalaba hapana. Bado.

Alikifungua kichupa, akanusa. Mshumaa uliozimwa. Ni mafuta ya kondoo mweusi yaliyochanganywa na majani, ile dawa aliyoikosa kwa waganga wawili? Au ni mafuta ya hao waliomo daftarini? Rosa Ticona alikuwa mtoto wa yule mgeni, ndiyo, lakini wachawi wangapi wameanza na watoto wao? Nieves hakujua. Nami nisidanganye: hata leo hajui.

Nyuma yake matete yalichakacha.

Wilber alikuwa anapita kuelekea kwa Elsa, kikombe mkononi, kinatoa mvuke.

"Unakwenda wapi?"

"Mtoto anatetemeka. Nampa cha kumpasha moto."

"Kunywa wewe kwanza."

Wilber alicheka. "Mimi sina baridi, shemeji."

"Kunywa, nimesema. Funda moja."

Maji yaligonga chini ya sakafu. Wilber alimtazama Nieves, akatazama mkoba, kisha daftari. Bado alikuwa anatabasamu. Akakigeuza kikombe, chai yote ikamwagika ziwani.

"Imeshapoa," alisema, akaenda kulala.

Nieves alitia matone yote ya kile kichupa kwenye supu ya Elsa, akakoroga, akamlisha kijiko kwa kijiko.

"Ina nini hii, mama? Inanuka."

"Viazi vya zamani. Kula."

Kisha akakaa mlangoni, msumeno juu ya magoti, na hakufumba jicho.

Kulipopambazuka, alikwenda kwenye uwazi kati ya kibanda chake na cha Wilber, akaanza kukata. Msumeno wa watu wawili ukiushika peke yako unapinda na kukukejeli. Alikuwa hajafika hata robo aliposikia nyayo.

Elsa. Amesimama. Kwa miguu yake.

Binti alipiga magoti upande wa pili, akashika kishikio.

"Tunakata nini, mama?"

"Wewe vuta tu, mwanangu."

Wakavuta mpaka jua likatoka. Wilber alikuwa mlangoni kwake muda wote, amekaa kwenye kigoda, anawaangalia kama mtu anayeangalia mpira. Boti yake ilikuwa imefungwa upande wake. Angeweza kuwazuia. Hakuwazuia. Mizizi ilipoachia na maji yakaanza kupanuka kati yao, alisimama akatengeneza kofia yake, akaita kwa ile sauti yake ya furaha.

"Elsa! Mtoto wangu! Mama yako amekwambia unaumwa nini?"

Nieves aliruka jikoni. Alinyakua sufuria na mwiko, akagonga. Akagonga na kupiga mayowe, akagonga mpaka majirani wa visiwa vya mbali wakatoka nje, mpaka mwiko ukavunjika, akaendelea na kipande kilichobaki. Mdomo wa Wilber ulikuwa bado unakwenda. Akagonga hadi yule mtu akawa mdogo kama bata, kisha hayupo.

Hayo yalitokea mwezi uliopita. Kibanda cha wageni kilikutwa kimenasa kwenye matete ya upande wa pili wa ziwa, blanketi limekunjwa vizuri, taa imezimwa, mtu hayumo. Nieves huwasha mshumaa kwa ajili ya Anselmo Ticona kila Jumatatu, na harufu yake akiuzima humtoa machozi. Wilber hajaonekana kisiwani. Lakini boti yake inaonekana. Majirani wanasema inapita alfajiri kwenye mfereji mkubwa, imejaa abiria, na wengi wao wameinamisha vichwa.

Elsa amenenepa, anacheka, anabeba ndoo mbili. Ila swali lile lilimfikia kabla ya sufuria.

"Mama, nilikuwa naumwa nini?"

"Baridi."

"Mtu hakati kisiwa mara mbili kwa sababu ya baridi."

"Ilikuwa kali."

Jana jioni tena, wakiwa wanatandika matete, Elsa alisema shule inafunguliwa Jumatatu. Ameshapanga kila kitu. Atashuka Puno, atamwona yule muuguzi wa zahanati, atamwuliza waziwazi, na muuguzi asipojua atawauliza wanawake wa sokoni, maana wale wanajua kila kitu.

"Utapanda boti gani?" Nieves aliuliza.

"Itakayotangulia kupita alfajiri." Elsa alimbusu shavuni. "Usiwe na wasiwasi, mama. Hata nikisinzia, wataniamsha tukifika."