Kijiti cha Kilele

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, jua likielekea kuchwa, Oundo aliingia peke yake katika nyumba yake mpya huko Masinya, kupima mapazia. Mkewe, Aidah, alikuwa ameapa kutohamia nyumba ambayo wapita njia wangeona hata mboga zilizomo sahanini.

Nyumba ilikuwa fahari yake: paa bapa, kuta za vioo zinazosukumwa kando, sebule na ua wa katikati vikawa kitu kimoja. "Nataka nuru," alimwambia mchora ramani wa Tororo, "nuru hadi chini ya kitanda." Kwa ajili ya nuru hiyo aliibomoa nyumba ya msonge ya marehemu baba yake, tarehe 9 Novemba 2022, siku ya saba baada ya maziko, kabla wazee hawajateremsha kijiti kilichosimama kileleni. Kwa desturi yao, kijiti hicho huteremshwa mwenye nyumba afapo, ili naye ajue kwamba amekwisha kufa.

Siku ile shangazi yake Nanjala alimshika mkono.

"Mwana wa kaka, ngoja wazee. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Shangazi, tingatinga limekwisha kuja. Na nyumba yangu haina kilele. Kijiti chako kitakaa wapi?"

"Kitajitafutia."

Sasa Oundo, utepe mkononi, alitazama sakafu. Kivuli cha paa la upande wa pili wa ua kilikuwa kimelala juu ya vigae, kimenyooka kama mstari wa rula. Na katikati ya mstari huo... kivuli kingine, chembamba, urefu wa mkono.

Alitoka uani akaangalia juu. Paa lilikuwa tupu.

Akarudi ndani.

Kivuli kipo.

Ndipo ikaja harufu ya tumbaku ya kiko, na ya nyasi kuukuu zilizokolea moshi. Juu ya paa, nyayo. Taratibu... mguu mmoja ukiburutwa, kama wa kushoto wa baba yake tangu alipoanguka mwaka 2011. Kivuli kilichopinda mgongo kikajongea sakafuni. Kikanyoosha mkono.

"Baba," Oundo alinong'ona, "nisamehe. Kesho nitawaita wazee..."

Kacha!

Kile kivuli chembamba hakikuwapo tena.

Simu ikalia. Ni Aidah.

"Baba Ritah, umemaliza kupima? Shangazi amepiga, analia. Ati kijiti kimeteremshwa. Anauliza... tunazika lini?"

"Tunamzika nani?"



Oundo aliutazama ua wake, vigae ukuta hadi ukuta. Mwanamume wa kwao huzikwa mbele ya nyumba yake mwenyewe. Katika ramani ile yote, pamoja na nuru yake yote, hakuwa ameacha hata hatua mbili za udongo.

Jumamosi, tarehe 16 Machi, mafundi waliitwa tena, kuvunja vigae.