Kioo Kinachotazama Gereji

"We kinyozi! Hilo ni sikio langu!"

Kinyozi alishtuka, akaondoa mashine. Mzee aliyekuwa kwenye kiti alijipapasa sikio, akaangalia vidole. Damu hakuna, ila upande wa kushoto, katikati ya mvi zake, palikuwa na njia nyeupe ambayo hakuiagiza.

"Samahani mzee wangu. Mashine imeteleza."

"Macho yako ndiyo yameteleza. Unaninyoa mimi au unainyoa gereji ya mkeo?"

Kibanda cha Kinyozi na gereji ya mkewe vilitazamana, barabara katikati. Kioo chake kikubwa kilielekea mlangoni, kwa hiyo hata akiipa barabara mgongo aliona kila kitu kwa Mama Gia. Ndivyo mtaa ulivyomwita mkewe. Watu walipita gereji tatu za wanaume ili wafike kwake, maana kwenye gia na klachi hakuwa na mpinzani.

Ndani ya kioo, saa ile, alikuwamo Mikate. Alisambaza mikate ya kiwanda kwa pikipiki. Mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na shati lile lilimkera Kinyozi kuliko Mikate mwenyewe. Amechuchumaa na Mama Gia juu ya injini, vichwa vinakaribia kugongana, na Mama Gia anacheka.

"Mara ya ngapi wiki hii?" Kinyozi aliuliza.

"Ya tatu," mzee alijibu. "Malizia, nisionekane kama nimetoroka hospitali."

Kinyozi alipomaliza, hata mikono hakunawa. Alichukua bakuli la chakula, akavuka barabara. Mikate alikuwa ameondoka; pikipiki imeshatengenezwa, inamsubiri jioni. Simu ya mkewe ilikuwa juu ya sanduku la spana, na ujumbe wa Mikate ukaingia mbele ya macho yake: "Asante sana dada. Bila wewe nisingefika popote."

"Huyu Mikate ana nini na wewe?"

"Ana klachi inayoteleza. Injini inalia, pikipiki haiendi. Nimeweka sahani mpya za klachi, baada ya siku mbili zimeungua. Waya nauacha na nafasi yake, umelegea kidogo, akirudi nakuta umekazwa. Nimemuuliza kama anauchezea, ameapa kwa watoto wake."

"Na kucheka kule?"

"Kupi?"

"Nimekuona."

"Kwenye kioo?" Mama Gia aliweka spana chini. "Mume wangu, nyoa watu, utakuja kumkata mtu koo. Kiwanda kina pikipiki kumi na mbili. Meneja amesema hii ikikaa sawa, zote zinakuja kwangu. Isipokaa sawa, haiji hata moja. Ndiyo maana namchekea. Ulitaka nimlilie?"

"Anakuita dada, mimi ananiita shemeji. Wote huanza hivyohivyo."

"Ngoja ninawe, nile. Wivu wako utanishibisha kabla ya chakula."

Akaenda bombani. Kinyozi aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Halafu akausogelea usukani wa ile pikipiki.

Yeye ndiye aliyekuwa akiiharibu. Miaka sita ya kula meza moja na fundi ilimfundisha kwamba pale kwenye mkono wa klachi, ndani ya kifuniko kidogo cha plastiki laini, kuna nati inayozungushwa kwa vidole tu. Zungusha mara mbili, waya unakaza, klachi haishiki. Alitaka Mikate aone Mama Gia hajui kazi, ahamie gereji nyingine. Lakini kila alipozungusha, Mikate alirudi. Na kila Mikate aliporudi, yeye alizungusha tena.

Akazungusha. Akarudisha kifuniko. Mkewe akaja akajifuta mikono, akala, na jioni Mikate akaichukua pikipiki.

Kesho yake asubuhi, kwenye kioo, alimwona mkewe anapokea simu. Akamwona anakaa chini, juu ya sanduku la spana. Kinyozi akavuka barabara mbio.

"Kuna nini?"

"Mikate. Kwenye kilima cha shule. Klachi imemwacha katikati, pikipiki ikarudi nyuma na mikate yote. Lori lilikuwa nyuma yake. Ameruka. Kiwiko kimechubuka, mikate imekanyagwa." Akafunika uso kwa mikono yenye grisi. "Ningemuua yule mtu. Sijui tena kazi. Leo nafunga gereji."

"Si kosa lako."

"Wewe umejuaje?"

Kinyozi alisingizia mteja. Akarudi kibandani. Mzee alikuwa ameshafika kurekebishiwa upande wake, akamkalisha, akawasha mashine, akaanza kunyoa.

Pikipiki ililetwa juu ya gari. Kwenye kioo, Kinyozi alimwona mkewe anakifunua kile kifuniko. Akasimama. Akachota kitu kwa ncha ya kidole, akakiinua juani. Kisha akageuka, akatazama moja kwa moja ndani ya kioo.

Alivuka barabara bila kuangalia magari.

"Mzee, tupishe."

"Na nusu kichwa?"

"Basi kaa, usikie." Akanyoosha kidole mbele ya pua ya mumewe. Ndani ya grisi kulikuwa na vinywele vifupi vyeupe vilivyokatwa. "Mimi nafunga kitambaa kichwani. Mikate hana mvi hata moja. Na mle ndani upepo hauingii. Hizi za nani?"

Mzee akasogeza shingo, akakodoa macho.

"Hizo zangu," akasema.

Kinyozi aliizima mashine.

"Nilitaka aondoke," akasema. "Aone hujui kazi, asirudi."

"Kwa hiyo ili nibaki wako, lazima niwe fundi mbovu?"

"Niliogopa."

"Ungesema umeogopa! Siku tatu usingizi sipati, najiuliza mikono yangu imepatwa na nini, na wewe unaniletea bakuli huku unanitazama!" "Mikate anakuja saa nane. Utamwambia wewe."

Mikate alikuja na bandeji kwenye kiwiko.

"Shemeji, habari za..."

"Usiniite shemeji. Mimi ndiye niliyekaza waya wako. Mara zote."

Kinyozi alisubiri ngumi. Angeshukuru kama ingekuja.

"Nina watoto watatu," Mikate alisema. "Pale kilimani niliwaona wote. Meneja anataka kujua kosa la nani. Panda nyuma, twende ukamwambie."

Mama Gia alikuwa ameshabadilisha sahani na kuurudishia waya nafasi yake. Kinyozi alimgeukia.

"Iko salama?"

"Unaniuliza mimi? Si ulitaka watu waamini sijui kazi?"

Akapanda. Kwenye kilima cha shule alilishika shati la Mikate lililopigwa pasi, kwa mikono miwili, akafumba macho. Injini haikulia. Pikipiki ilipanda taratibu mpaka juu.

Jioni ujumbe wa meneja ukaingia kwa Mama Gia: "Mumeo amesema yote. Mikate iliyokanyagwa atailipa. Zote kumi na mbili zinakuja Jumatatu. Ila yeye asizikaribie."

Siku nne Mama Gia hakumsemesha. Siku ya kwanza tu, Kinyozi alikibandua kile kioo, akakigongelea ukuta wa pembeni, kisione barabara.

"Sasa unaona nini humo?" mzee alimuuliza.

"Kichwa chako."

"Afadhali."

Siku ya tano, mchana, kivuli kiliingia mlangoni. Kinyozi hakuwa amemwona akija. Mama Gia alikaa kwenye kiti, akafungua kitambaa, nywele zikamwangukia mabegani.

"Punguza kidogo. Kwanza nione mikono."

Kinyozi alimwonyesha mikono yake, mbele na nyuma. Ilikuwa imeoshwa.

Mama Gia akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho.

"Haya. Kata."