Siku Feliksi Alipoweka Kalamu Chini

Kwenye duka la kuchapisha kazi pale Mwanga, foleni ilikuwa imetoka hadi barabarani. Bodaboda zilipiga honi, spika za duka la jirani zikatikisa mabati. Spesiosa, binti wa kijijini Kidahwe aliyepofuka utotoni kwa surua, alisimama na fimbo yake nyeupe, simu kaibana sikioni. Simu ilikuwa ikimsomea kazi yake ya chuo kwa kasi aliyoizoea mwenyewe.

"Dada," sauti ya kiume ilisema nyuma yake, "huyo mama wa ndani ya simu anakimbizwa na nani?"

Spesiosa alicheka kabla hajajizuia. "Anawakimbia wambeya wanaosikiliza simu za watu."

"Mwambie asihofu, sijaambulia hata neno. Naitwa Feliksi, nasoma uhasibu hapo chuoni. Gauni lako la kitenge limekukaa."

"Spesiosa, ualimu. Na wewe umevaa nini?"

"Fulana ya njano. Imepauka."

"Afadhali, husemi uongo."

Muhula ule Spesiosa alikuwa akitafuta mwandishi, yaani mtu wa kumsomea maswali ya mtihani na kuandika anayotamka, katika chumba chao peke yao, kwa muda wa nyongeza ambao chuo kinampa. Sharti awe wa fani nyingine. Feliksi alikwenda mwenyewe kwa Madam Regina, mwalimu anayewashughulikia wanafunzi wenye ulemavu, akajitolea. Majaribio yote aliandika neno kwa neno, hata pale aliposhuku kosa.

Jumamosi walianza kushuka Ujiji, wakila samaki aina ya mgebuka wa kuchoma ufukweni mwa ziwa huku Feliksi akimsimulia jinsi milima ya Kongo inavyojitokeza ng'ambo na kumezwa na mvua. Jioni ilikuwa zamu ya simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Wewe! Nenda kasome."

Mitihani ya mwisho ikiwa imekaribia, Madam Regina alimpigia. "Spesiosa, Feliksi amejitoa. Nimekupatia mwandishi mwingine, Agnesi."

"Amejitoa kwa nini, Madam?"

"Kaniomba akueleze mwenyewe."

Spesiosa alimpigia Feliksi. Simu iliita mpaka ikakata. Baadaye ukaingia ujumbe: Fanya mtihani kwanza, tutaongea. Alikaa kitandani, simu mkononi. Kachoka, aliwaza. Wengi walikuwa wamemshika mkono kwa furaha wiki ya kwanza, ya pili wakawa na shughuli.

Agnesi alikuwa binti mwema, lakini aliandika polepole, na istilahi za ualimu ilibidi atajiwe herufi moja moja. Mtihani wa kwanza uliisha, muda wa nyongeza ukaisha, swali la mwisho likabaki tupu. Spesiosa alitoka na hasira. Jioni hiyo alimwita Agnesi, wakafanya mazoezi pamoja mpaka mkono wa Agnesi ukazoea. Mitihani iliyofuata ilikwenda vizuri.

Siku ya mwisho, Feliksi alikuwa getini.

"Spe, nisikilize. Watu walianza kunong'ona kwamba nakujibia. Na utaratibu unasema mwandishi asiwe ndugu wala mpenzi. Nikamwambia Madam ukweli, kwamba nakupenda. Wangegundua wenyewe, wangefuta matokeo yako."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Niliogopa utavurugika kabla ya mtihani."

"Nilivurugika! Nimeacha swali zima. Ungesema mapema, ningeanza mazoezi na Agnesi mapema. Mtihani ni wangu, Feliksi. Kujitoa ulifanya vyema. Kunificha, ulinifanya mtoto."

"Nimekosa," Feliksi alisema.

Spesiosa akaita bajaji, akaondoka.

Hawakupigiana simu mpaka matokeo yalipotoka. Siku hiyo aliyepiga ni Spesiosa.

"Nimefaulu yote. Lile somo la kwanza, nusura nipate sapu, niurudie mtihani."

"Hongera. Na samahani, Spe. Kila siku nimelifikiria swali lile."

"Nimemwambia Madam mwandishi asibadilishwe tena bila mwanafunzi kuelezwa sababu. Kakubali. Na mwakani naendelea na Agnesi."

"Vizuri."

"Uko wapi?"

"Kibirizi. Namsaidia kaka kuanua dagaa."

"Nakuja."

Alimkuta ufukweni, upepo wa ziwa ukipeperusha kanga aliyojitanda. Feliksi hakungoja asalimiwe.

"Nataka nije Kidahwe kwa wazazi wako, kwa posa. Lakini wewe unasemaje?"

Wachuuzi walikuwa wakipigiana kelele za bei karibu yao. Spesiosa aliitafuta hasira yake, akakuta imebaki kidogo, na hamu ya kumsikia akiongea imejaa tele.

"Nitamaliza chuo kwanza. Nitafundisha."

"Utafundisha."

"Basi njoo Jumapili, baada ya misa."

"Baba ni mkali?"

"Baba mpole. Muogope mama."

Feliksi alicheka, akasita. "Ningekushika mkono, ila wangu unanuka dagaa."

"Najua," Spesiosa alisema. "Lete."